Lebo ya Kiti cha Baba

BABA: Haloo! Haloo, nani mwenzangu?

BINTI: Baba, ni mimi. Shikamoo.

BABA: Mimi nani? Namba hii haina jina.

BINTI: Mwanao, baba. Nimetumia laini nyingine, ile ya siku zote imekwisha salio.

BABA: Wanangu wako watatu, na wote husema "ni mimi".

BINTI: Wa kike, baba. Wa kike unaye mmoja tu.

BABA: Ahaa! Dada Jaribu! Marahaba, mama, marahaba. Sema kwa nguvu, simu inakwaruza. Hujambo?

BINTI: Sijambo, baba. Mgongo unaendeleaje?

BABA: Mgongo upo.

BINTI: Upo vipi?

BABA: Upo mahali pake. Fundi, ni Dada Jaribu huyu, yule wa kwenye simu za watu. Fundi anakusalimu, mama.

BINTI: Fundi Saa yuko hapo?

BABA: Atakuwa wapi mchana huu? Saa za kutengeneza siku hizi hakuna, kila mtu anatazama saa kwenye simu. Tunacheza drafti. Nimemshinda mara mbili, sasa anasingizia miwani. Nimemkalisha kwenye kiti chako, labda akili itamrudi.

BINTI: Kiti changu?

BABA: Kile ulichoninunulia. Nimekiweka pale dirishani penye mwanga, palipokuwa na cherehani ya marehemu mama yako. Cherehani nimeipeleka stoo. Mgeni akija namkalisha pale, navuta ule mkono wa pembeni, miguu inanyanyuka juu, anapiga kelele. Halafu namwambia, "Hilo ni jasho la binti yangu." ... Haloo?

BINTI: Nipo, baba. Mtandao tu. Baba, nina shida ya kazi, nakuhitaji. Na ni ya haraka, mwisho saa kumi.

BABA: Sasa ni saa tisa na nusu. Haraka haraka—

BINTI: Haina baraka, najua. Lakini wakala wangu wa matangazo hajui. Ameniandikia asubuhi. Kila video niliyolipwa kuitengeneza lazima iseme wazi kwamba nimelipwa. Nisiposema leo, ukurasa wangu unafungiwa. Watu laki mbili wananifuata, baba. Wote wanapotea hivihivi.

BABA: Watu laki mbili wanakufuata, na hujawahi kuniletea hata mmoja anifagilie uwanja.

BINTI: Baba, tafadhali.

BABA: Nasikiliza. Mimi nitakusaidia nini? Hayo mambo yenu siyajui.

BINTI: Unayajua kuliko mtu yeyote. Umeandika bahasha za dawa hospitali miaka ishirini na tisa.

BABA: Thelathini. Ule mwaka wa mwisho wameufuta kwa sababu waliniletea mashine ya kuchapa lebo, nikaikataa.

BINTI: Thelathini. Ulikuwa unamwandikia mtu maneno manne, anakwenda nyumbani anapona. Mimi nimeandika tangu asubuhi, na kila nikisoma naona kama najitetea mbele ya hakimu.

BABA: Soma nisikie. Ngoja kwanza. Fundi! Acha kete zangu, nimezihesabu. Sogea hapa usikilize.

BINTI: Fundi wa nini tena, baba?

BABA: Pale hospitali, kwenye dirisha la dawa, nilikuwa na mlinzi wa geti. Kila lebo mpya namsomea, namuuliza, "Umeelewa nini?" Akielewa yeye, wameelewa wote. Akikosea, nachana. Mlinzi amefariki, Mungu amrehemu. Amebaki Fundi.

BINTI: Nilitaka tuongee wawili tu—

BABA: Fundi anatoa sikio tu, mdomo ninao mimi. Nimekuweka kwenye spika. Soma.

BINTI: [anavuta pumzi] "Video hii imewezeshwa kwa ushirikiano na marafiki zetu wapendwa."

BABA: Fundi, umeelewa nini? ... Anasema hongera.

BINTI: Hongera ya nini?

BABA: Ya harusi. Anasema kadi ni nzuri ila haina tarehe.

BINTI: Baba!

BABA: Usinipigie mimi kelele. Mimi ningekuwa mgonjwa ningedhani umepata marafiki. Wamekulipa?

BINTI: Wamenilipa.

BABA: Basi kwa nini pesa imevaa gauni? Inayofuata.

BINTI: "Huenda baadhi ya bidhaa katika video hii nilipewa na kampuni husika."

BABA: Ulipewa au hukupewa?

BINTI: Nilipewa.

BABA: Na siku unapewa ulikuwepo?

BINTI: Nilikuwepo.

BABA: "Huenda" ya nini sasa? Mimi niliwahi kumwandikia mtu, "Huenda unywe vidonge viwili"? Huenda asubuhi, huenda jioni, huenda ukapona?

BINTI: Wenzangu wote wanaandika hivyo, baba. Ni lugha ya kitaalamu.

BABA: Lugha ya kitaalamu ndiyo iliyomfanya yule baba anywe dawa ya sikio la mwanawe.

BINTI: Ile ya dawa ya sikio naijua. Umenisimulia tangu niko darasa la pili.

BABA: Unaijua, ila hujaielewa. Chupa ilikuwa na maneno mengi mazuri mbele. Jina la kiwanda, picha ya mtoto anacheka. Neno "sikioni" walilibandika chini, kwenye kitako cha chupa. Mtu gani anageuza chupa kusoma kitako chake?

BINTI: Hakuna.

BABA: Akainywa yote siku tatu.

BINTI: Na hakufa.

BABA: Hakufa. Alirudi kulalamika kwamba ni chungu. Na mtoto bado sikio linauma. Tangu siku ile nikasema, neno la hatari linakaa mbele, peke yake, kwa herufi kubwa. Hilo lako umeliweka wapi?

BINTI: Lipi?

BABA: Hilo la kulipwa. Kwenye video linakaa wapi?

BINTI: Chini ya video. Kwenye maelezo.

BABA: Mwanzo wa maelezo?

BINTI: Karibu na mwanzo—

BABA: Karibu na mwanzo ni wapi?

BINTI: Mwisho. Baada ya yale maneno yenye alama.

BABA: Alama ipi?

BINTI: Ile ya mistari minne, baba. Miwili inasimama, miwili inalala.

BABA: Kile kidude kama dirisha la nondo?

BINTI: Hicho. Kila neno linakaa nyuma ya hicho kidude. Nimeweka maneno thelathini. "Nyumbani." "Mapenzi." "Familia kwanza." Halafu "tangazo". Halafu "baraka".

BABA: Kwa hiyo neno tangazo umelifunga kwenye nondo, katikati ya mapenzi na baraka.

BINTI: [anacheka kidogo] Ukisema hivyo—

BABA: Nimesema ulivyofanya. Fundi, umesikia? ... Fundi anasema hajawahi kubonyeza pale panapoandikwa "soma zaidi". Alidhani ni kwa ajili ya wanafunzi.

[mtandao unakwaruza]

BINTI: Haloo? Baba, unanisikia?

BABA: Nakusikia kama uko ndani ya debe. Endelea.

BINTI: Basi tuandike upya. Nataka neno fupi, la heshima, lisilomuudhi mtu. Dakika nilizonazo ni chache.

BABA: Lebo haiandikwi isimuudhi mtu. Inaandikwa ili asinywe dawa ya sikio. Kalamu unayo?

BINTI: Ninayo.

BABA: Andika: "Hili ni tangazo." Nukta.

BINTI: Hivyo tu? Mwanzoni kabisa?

BABA: Kabla hujasema hata hamjambo. Na usiandike tu, sema kwa mdomo. Wako watu wanakusikiliza huku wanaosha vyombo. Mimi wasiojua kusoma niliwachorea jua la asubuhi na mwezi wa jioni. Wewe una mdomo, Mungu amekupa, na hujawahi kuuacha ukae bure.

BINTI: "Hili ni tangazo." Sawa.

BABA: "Nimelipwa." Nukta.

BINTI: "Nimelipwa."

BABA: Sasa taja dawa. Lebo bila jina la dawa hatuandiki. Ni kitu gani?

BINTI: Vitu vya nyumbani tu, baba. Vya kawaida.

BABA: Vitu vya nyumbani ni ghala zima. Kimoja kimoja.

BINTI: Kuna fagio la umeme. Kuna yale masufuria yasiyoshika. Hayo nimeshamaliza, baba, hayana shida. Imebaki video moja.

BABA: Ya nini?

BINTI: Samani.

BABA: Samani ni ghala lingine. Samani gani?

BINTI: Ya... ya kukalia.

BABA: Benchi?

BINTI: Si benchi.

BABA: Fundi, hebu nenda ukachemshe chai. ... Najua sukari imekwisha, kanunue. ... Hapana, dukani pale kona, usiende kwa yule wa karibu, anapunja. Nenda tu, ndugu yangu. [mlango unafungwa] Nimetoa spika.

BINTI: Baba, nilikuwa nakuja kukuambia.

BABA: Lini?

BINTI: Kila siku.

BABA: Kiti ni cha miezi minane.

BINTI: Najua.

BABA: Sema sasa. Na usinizunguke.

BINTI: Kiti sikununua, baba. Kampuni ndiyo iliyokileta. Walisema tengeneza video, mzee mwenye mgongo mbovu akae, aseme anavyojisikia. Kiti kinabaki kwako, na mimi nalipwa. Nikasema ninaye mzee mwenye mgongo mbovu.

BABA: Unaye.

BINTI: Nilitaka kukununulia kweli, Mungu shahidi. Nilikuwa nimeanza kuweka akiba, nimekwenda mpaka dukani kukiulizia. Halafu wakatokea wao. Nikaona ni kitu kilekile, baba atapata kiti. Nikafika, nikakisukuma kutoka getini, ukasimama mlangoni ukasema, "Mwanangu umeninunulia kiti." Ukalia. Hujawahi kulia mbele yangu isipokuwa siku ya mama. Ningesema nini?

BABA: Ungesema, "Sikununua."

BINTI: Kamera ilikuwa inarekodi.

BABA: Basi ndiyo ulikuwa wakati wake.

[mtandao unakwaruza]

BINTI: Baba? Uko hapo?

BABA: Niko hapa. Nimekaa kwenye kigoda. Nakitazama.

BINTI: Nisamehe, baba.

BABA: Ile linki. Ile uliyonitumia ukasema nikiona mtu anakipenda kiti nimtumie.

BINTI: Ndiyo.

BABA: Nilimtumia Fundi, akamnunulia mkewe, kiuno kinamsumbua. Nikamtumia nesi mkuu mstaafu. Nikamtumia kinyozi, akanunua viwili. Nikamtumia yule dereva wa ambulensi, na yeye hata mgongo haumuumi, alinunua kwa heshima yangu. Ile linki ina nini?

BINTI: Mtu akinunua kupitia pale, mimi napata sehemu.

BABA: Na wao walijua?

BINTI: Hapana.

BABA: Na mimi?

BINTI: Hapana, baba.

BABA: Kwa hiyo mimi ni muuzaji.

BINTI: Usiseme hivyo—

BABA: Muuzaji asiyejua kwamba anauza. Pale hospitali tulikuwa na mfamasia, tulikuwa na mfagiaji, tulikuwa hata na mwizi wa bandeji mmoja. Muuzaji wa namna yangu hatukuwahi kuwa naye.

BINTI: Baba, sema umekasirika, nijue moja.

BABA: Andika kwanza. Saa inakwenda. Umefika wapi?

BINTI: "Hili ni tangazo. Nimelipwa."

BABA: "Kiti nilipewa bure na kampuni." Nukta.

BINTI: "...bure na kampuni."

BABA: "Ukinunua kupitia linki yangu, napata sehemu."

BINTI: "...napata sehemu." Nimeandika. Wakala atakubali hii, baba, hata amezidishiwa. Ahsante. Nita—

BABA: Hatujamaliza.

BINTI: Wameomba hayo tu.

BABA: Wao hawakukaa dirisha la dawa. Andika: "Anayekisifu ni baba yangu."

BINTI: Hilo watu wanalijua. Kwenye video nakuita baba.

BABA: Kinyozi naye ananiita baba. Andika. "Anayekisifu ni baba yangu, na alidhani nimemnunulia mimi."

BINTI: Baba, hilo nalo lazima? Watu laki mbili?

BABA: Hilo ndilo dawa. Yale mengine ni bahasha.

BINTI: Watanicheka.

BABA: Watacheka, watalala, wataamka, watatafuta wa kumcheka kesho. Andika.

BINTI: Nimeandika.

BABA: Sasa na mimi nina la kwangu.

BINTI: La kwako lipi?

BABA: Kwenye ile video nilisema nini?

BINTI: Ulisema, "Tangu nikae hapa, mgongo wangu umerudi ujana."

BABA: Nilikuwa nimekaa kwa muda gani?

BINTI: Dakika mbili?

BABA: Moja na nusu. Andika: "Mgongo bado unamuuma."

BINTI: Baba!

BABA: Unauma. Ulikuwa unauma siku ile, unauma leo. Kile kiti kinanikunja katikati kama barua. Nikikaa robo saa, Fundi ndiye ananivuta kunitoa. Silali pale, sikai pale. Nakalisha wageni.

BINTI: Kwa nini hukuniambia? Miezi minane nakuuliza, mgongo vipi, mgongo vipi, unaniambia upo!

BABA: Si upo?

BINTI: Sitanii, baba!

BABA: Wala mimi. Ningekuambiaje? Umefika getini unakisukuma mwenyewe, umelowa jasho, kiatu kimoja kimekatika. Ukaniuliza, "Baba, unajisikiaje?" Mimi nilitazama uso wako, sikutazama kiti. Ungeniletea gunia la misumari ningesema umerudi ujana.

BINTI: [analia kimyakimya]

BABA: Usilie kwenye simu, salio linakwenda. Nasema hivi: wewe ulilipwa na kampuni ukakaa kimya. Mimi nililipwa na wewe, kwa kudhani tu kwamba umenikumbuka, na mimi nikakaa kimya. Watu wakanunua kwa midomo yetu miwili. Mficha uchi hazai, mama. Andika.

BINTI: Nikiandika kwamba mgongo bado unakuuma, hiyo kampuni hainipi kazi tena. Na wenzao wakisikia, hawanipi vilevile. Pango, mtandao, yule binti anayenihariria video, vyote vinatoka hapo. Sikufichi, baba, naogopa.

BABA: Najua unaogopa.

BINTI: Naweza kuifuta video tu. Naifuta sasa hivi, hakuna anayejua, yameisha.

BABA: Nesi mkuu atafuta kiti chake vipi? Ukurasa wako unaitwa nani?

BINTI: Dada Jaribu.

BABA: Jina hilo ulipewa na nani?

BINTI: Na mama.

BABA: Kwa nini?

BINTI: Kwa sababu kila akinunua kitu, mimi ndiye nilikuwa nakijaribu kwanza. Kibiriti, uzi, sabuni. Halafu naripoti.

BABA: Ulikuwa na miaka sita. Siku moja ukamwambia mwenye duka mbele ya wateja kwamba mshumaa wake unatoa moshi kuliko mwanga. Mama yako aliona haya, akacheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye watu laki mbili wanadhani wanamfuata.

BINTI: Naandika, baba. "Mgongo... bado... unamuuma."

BABA: Nukta.

BINTI: Nukta.

BABA: Ngoja, mlango huo. Fundi amerudi. ... Kilo moja? Nani alikwambia kilo? Haya, weka hapo, bandika chai, kisha uje. Kaa. Hapana, si kwenye kiti, kaa hapa kwenye kigoda, mimi nitasimama.

BINTI: Baba, usimsomee. Tafadhali. Mpe nafasi ajue polepole, nitakuja mwenyewe nimwombe radhi—

BABA: Lebo haitoki dirishani bila mlinzi. Nimekuweka kwenye spika. Soma, kwa sauti, kama utakavyosema kwenye video.

BINTI: Baba...

BABA: Saa kumi kasoro dakika tano.

BINTI: [anasafisha koo] Shikamoo, Fundi.

BABA: Anasema marahaba. Soma.

BINTI: "Hili ni tangazo. Nimelipwa. Kiti nilipewa bure na kampuni. Ukinunua kupitia linki yangu, napata sehemu. Anayekisifu ni baba yangu, na alidhani nimemnunulia mimi. Mgongo bado unamuuma."

BABA: Fundi, umeelewa nini?

BINTI: Anasema nini, baba?

BABA: Hajasema. Ananitazama. ... Sema, ndugu yangu, ni kazi tu hii. ... Anasema, "Kwa hiyo binti yako hakununua." Ameelewa. Hapo hakuna la kuchana.

BINTI: Na la kiti chake? Cha mkewe? Amekasirika?

BABA: Ngoja, bado anaongea. ... Eti nini? ... Tangu lini? ... Anasema mkewe alikikalia siku mbili tu, kiuno kikazidi. Sasa wanaanikia nguo, soksi kwenye mkono wa pembeni na shuka kwenye mgongo. Alikaa kimya kwa ajili yangu, maana nilikisifu sana, akaona haya kunivunja moyo.

BINTI: Jamani! Nitawarudishia gharama, mwambie. Yeye na wote. Na ile linki naiondoa leo.

BABA: Anasema gharama mtaongea, yeye ana neno moja kwanza. Anasema kizuri chajiuza, na sisi hiki tumekitembeza nyumba kwa nyumba. ... Sasa anacheka. Fundi, usicheke, mtoto analia huku. ... Anasema anacheka kwa sababu kinyozi anavyo viwili.

BINTI: [anacheka na kulia] Baba, zimebaki dakika mbili.

BABA: Tuma basi. Umetuma?

BINTI: Ngoja nirekodi sauti... Hapana, hiyo nitafanya tukimaliza. Maandishi nayaweka sasa. Mwanzoni kabisa, herufi kubwa.

BABA: Bila nondo.

BINTI: Bila nondo. [anabonyeza] Nimeyaweka.

BABA: Yanaonekana?

BINTI: Yanaonekana. Yamekufunika paji la uso.

BABA: Yaache hapohapo.

BINTI: Baba, bado hujaniambia. Umenikasirikia?

BABA: Kukasirika ni kwa vijana. Nimeumia. Nimeumia sana, mama, nisikudanganye, hasa leo. Miezi minane naamka naona kile kiti, najiambia, mtoto amenikumbuka.

BINTI: Nilikukumbuka, baba. Kukukumbuka nilikukumbuka kweli. Kununua ndiko sikununua.

BABA: Hilo ungelibandika mbele tangu mwanzo, ningelipokea.

BINTI: Nisamehe.

BABA: Nimekusamehe ulipoandika la mgongo. Fundi, chai inamwagika huko! Mama, Jumapili unakuja?

BINTI: Nakuja. Asubuhi na mapema. Nikuletee nini?

BABA: Usilete kitu. Kamera iache, na mikono njoo nayo mitupu.

BINTI: Si vizuri kuja kwa mzazi mikono mitupu, baba.

BABA: Safari hii ndiyo ninavyotaka. Kiti kinatoka pale dirishani, kinakwenda uani, Fundi anasema kwa nguo kinafaa. Na cherehani ya mama yako inarudi mahali pake. Kile chuma ni kizito, Fundi peke yake hawezi, na mimi, kama ulivyoandika, mgongo—

[simu inakatika]